Skrini Inayoona Gizani

Jumamosi, 2 Machi

Naandika ili watakaokuja wajue: katika mtaa huu, kuanzia mashine ya kusaga mpaka kituo cha mafuta, hakuna jambo kubwa lililowahi kuamuliwa bila mimi. Watu wanaoana kwa shauri langu na wanaachana kwa kulipuuza. Wanasema kazi yangu ni kushona viatu. Waseme. Nimewahi kumshonea jenerali kisigino akiwa amekivaa kiatu, tena anakimbia, nami nakimbia nyuma yake na sindano mdomoni. Vita ile alishinda.

Leo masika yamefungua mdomo, na leo nimepewa kazi ya kichwa. Mpwa wangu, tunayemwita Kidole kwa kasi ya vidole vyake, anataka skrini mpya ya kuchezea gemu. Ni binti wa marehemu dada yangu. Mimi na mke wangu tumemlea tangu ana miaka minne. Mchana anafanya kazi kwenye duka la fotokopi, jioni anacheza. Zamani nilisema ni kupoteza muda. Nilikosea mara hiyo moja tu. Kuna timu inayolipa wachezaji mshahara na kusafiri nao, na inatafuta mtu mmoja. Mashindano ni Jumamosi nne mchana, kuanzia tarehe 16. Atakayebaki mwisho ndiye wanayemchukua.

Skrini yake ya sasa ina mstari wa kijani katikati, kama suruali ya bendi. Akiba yake inatosha kununua moja, na wala si mbili.

"Mjomba, wewe ndiye unayejua picha," akaniambia. "Wewe ndiye utakayechagua."

Nikamkumbusha kwamba niliwahi kusimamia jumba zima la sinema.

"Ulikuwa unachana tiketi," mke wangu akasema. "Wiki mbili."

Wanawake hawajui vyeo.

Jumapili, 3 Machi

Mvua.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Ndoo mbili sebuleni. Viatu vinaletwa vimeachama kama mamba. Gundi haikauki.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetoa wazo ambalo mhandisi angelipata baada ya miaka mitatu chuoni. Skrini haichaguliwi kwa picha za dukani, maua na kasuku. Hizo kila kioo kinazipendezesha. Chukua picha unayoijua mwenyewe, tena iwe na giza. Na picha yenye giza kuliko zote nyumbani kwetu ni ya dada.

Ipo ukutani sebuleni. Ni siku aliyopewa cheti cha ukunga. Gauni jeusi, mlango mweusi nyuma yake, taa ya mpiga picha ilikuwa imechoka. Unaona uso wake anacheka, cheti mkononi, na nyuma ya bega lake la kushoto kuna mtu mrefu amesimama kwenye giza. Huyo ni mimi. Kila mgeni anayeingia humu namwonyesha. Nilisimama pale siku nzima, namlinda asisukumwe, umati ulikuwa wa watu elfu kumi.

Kidole amekubali. Ukanda wa filamu wa picha ile tunao bado kwenye bahasha, na pale kazini kwao kuna mashine inayousoma. Ameuingiza kwenye flashi. Anasema ukanda huwa na mambo mengi kuliko yanayoonekana kwenye karatasi.

Nikamwambia vizuri sana.

Jumatatu, 11 Machi

Tumenunua. Nitaandika kwa urefu maana kichwa kinanigonga.

Duka ni refu na jembamba, skrini zimepangwa ukutani kama madirisha ya basi. Fundi wao ni mama mfupi, miwani ameipandisha juu ya kichwa. Nikamwambia asihangaike na maelezo, mimi ni mtu wa picha. Akasema, "Sawa mzee," kisha akaeleza kila kitu.

Ya kwanza wanaiita IPS. "Rangi zake za kweli," fundi akasema, "na ukikaa pembeni hazibadiliki. Lakini taa inawaka nyuma ya kioo kizima, basi weusi unatoka kijivu." Tukaweka picha. Kweli, gauni la dada lilikuwa kama limefuliwa kwa majivu. Yule mtu wa nyuma, yaani mimi, alikuwa ukungu.

Ya pili wanaiita VA. "Hii inaziba taa vizuri, weusi wake mzito. Ila vitu vya gizani vinashikana, na cheusi kikikimbia kinaburuta kivuli." Tukaweka picha. Gauni likawa jeusi tii, mlango mweusi tii, na mimi nyuma nimesimama imara, mweusi, sina mwanzo wala mwisho.

Ya tatu ni OLED. Ilikuwa ya maonyesho, imefunguliwa miezi mingi, ndiyo maana bei yake ilishuka ikalingana na ile ya pili. "Hii haina taa nyuma," fundi akasema. "Kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe. Weusi ni weusi, na kilichomo ndani ya weusi unakiona. Haraka kuliko zote. Binti, kwa mchezo wako ningekuwa wewe ningebeba hii. Ubaya wake, ukiacha picha moja imesimama siku nyingi, inaacha alama." Akamwita Kidole kaunta amwonyeshe karatasi ya dhamana. Wanapokea bidhaa inayorudishwa ndani ya siku kumi na nne, hadi tarehe 25, kabla ya duka kufungwa.

Nikabaki peke yangu. Nikafungua picha kwenye ile ya tatu.

Niliitazama kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha nikaichomoa flashi.

"Mzee! Hivyo haichomolewi!" fundi akapiga kelele kutoka kaunta.

"Vipi hiyo, Mjomba?" Kidole akauliza. Macho yake yalikuwa kwenye ile skrini. Alikuwa ameshaipenda, naijua shingo yake anapopenda kitu.

"Mbovu," nikasema. "Imetazamwa na macho ya watu elfu, imechoka. Na inashika alama, umesikia mwenyewe. Chukua ya pili. Weusi mzito, mpya, haijaguswa."

"Lakini fundi anasema…"

"Fundi anauza. Mimi ninakulea."

Akachukua ya pili. Njiani alilifunika boksi kwa koti lake la mvua, yeye akalowa.

Jumanne, 12 Machi

Sikulala vizuri. Daftari hili ni langu na hakuna mwingine anayelisoma, basi naandika. Nyuma ya dada hakuna mtu. Kuna koti. Limetundikwa kwenye msumari mlangoni, mikono inaning'inia.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Nimeshona mkoba wa mwalimu upande usio wake.

Jumamosi, 16 Machi

Mashindano ya kwanza. Nilikaa nyuma yake kwenye kochi. Mchezo wenyewe ni wa kuwindana ndani ya majengo. Kwenye mwanga Kidole alikuwa radi. Wanatokea tu, wameanguka. Kisha wakapelekwa kwenye ghala, usiku, na wapinzani wamevaa nyeusi. Hapo nikamwona anasogeza uso karibu na kioo kama bibi anayetafuta tundu la sindano.

Walibaki wanane. Yeye alikuwa wa sita.

"Ghala lile," alisema. "Namwona akiwa ameshafika."

Nikamwambia hata simba hukosa swala. Nikamweleza nilivyomkosa simba mwenyewe mwaka ule. Hakucheka.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeongeza mwanga wa skrini mpaka mwisho. Weusi ukawa moshi. Nikapunguza. Nikaifuta kwa kitambaa changu cha kung'arishia viatu, nikaacha mafuta. Mke wangu ananitazama.

Jumatano, 20 Machi

Leo Kidole aliweka ile picha ikajaa kwenye skrini, akala wali akiitazama. Nilikuwa naweka ndoo chini ya tone jipya.

"Mjomba, unajua nini? Nikiingia ghala lile nahisi niko peke yangu kabisa. Basi najiambia, mama siku ile alikuwa na mtu nyuma yake, na mimi ninaye. Yuko kwenye kochi."

Nikasema naam. Nikahamisha ndoo iliyokuwa mahali pake sawasawa.

Jumamosi, 23 Machi

Siku mbaya. Mvua tangu alfajiri, bati linapigwa kama ngoma ya wazimu. Kutoka wanane wanabaki wanne. Mchezo mzima alikuwa wa pili, wa tatu. Ghala likaja. Mtu alikuwa amesimama kwenye kona, amesimama tu, wala hakujificha. Kidole akapita mbele yake. Mimi mwenyewe nilimwona baadaye, waliporudia picha yenye mwanga. Yule mtu akampiga Kidole mgongoni.

Akabaki wa nne. Pointi moja tu kati yake na aliyetolewa.

Hakulia. Hilo ndilo lililonimaliza. Alivua vile vya masikioni, akavikunja waya polepole, akasema, "Labda ni macho yangu. Nayatumia sana fotokopi." Akatoka kwenye mvua kwenda duka la dawa kutafuta dawa ya matone. Akarudi, akaegemeza kichwa kwenye kiti, mke wangu akamtia matone. Jicho la kulia, jicho la kushoto. Macho mazima ya msichana wa miaka ishirini na miwili, yanatiwa dawa kwa ajili yangu.

Mke wangu akainua uso, akaniangalia juu ya ile chupa.

"Una nini wewe? Wiki nzima hujasimulia uongo wowote. Unaumwa?"

Jumapili, 24 Machi

Nilitaka kusema asubuhi. Nikasema mchana ni bora. Mchana nikasema jioni. Jioni akapitiwa na usingizi.

Jumatatu, 25 Machi

Siku ya mwisho ya kurudisha. Sikufungua kibanda. Kidole aliporudi kazini saa tisa alinikuta sebuleni na boksi la skrini liko wazi mezani, tupu.

"Irudishe humu," nikasema. "Twende tukachukue ile ya tatu. Duka linafungwa saa kumi na moja."

"Ile mbovu?"

"Si mbovu."

"Ulisema mbovu."

"Twende, nitakueleza njiani."

Akaketi. Mtoto wa dada yangu ni dada yangu mtupu. Akiketi hivyo hata trekta haimwinui. "Mjomba, sitoki mpaka uniambie."

Nimewahi kuwahutubia wazee wa mabaraza matatu kwa pamoja. Leo nilipata maneno machache.

"Ile ya tatu inaona gizani. Niliiona picha ya mama yako pale. Yule nyuma yake si mimi. Ni koti limetundikwa. Niliogopa usije ukaliona, nikakuchagulia skrini isiyoona."

Mvua ilikuwa inanyesha, lakini nilisikia friji.

"Miaka yote hii?" akasema.

"Miaka yote."

"Na Jumamosi, nikitiwa dawa ya macho, ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa nimekaa hapa."

Aliichomoa skrini waya mmoja mmoja, akaiweka kwenye boksi, akalivisha boksi mifuko miwili ya nailoni. Mke wangu alikuwa mlangoni na mkono mdomoni. Tukatoka. Barabara ilikuwa mto, maji magotini, tumeshika boksi huku na huku kama jeneza la mtu mwembamba. Mwendo wa dakika ishirini tulitembea saa nzima. Hakuniambia hata "angalia shimo". Niliingia mashimo mawili.

Saa kumi na dakika arobaini tukafika. Na mbele ya ile skrini ya tatu amesimama bwana mmoja na pochi mkononi. Fundi yuko stoo, anamtafutia waya.

Kidole akasimama palepale, maji yanamchuruzika.

Naweza kumtisha mtu. Ningemwambia bwana yule kwamba skrini ile ilitolewa kwenye meli iliyozama, ama ilimuua mwenyewe. Hadithi zilikuwa tayari ulimini, tatu. Nikazimeza, nikamwuliza tu: "Bwana, hii unaipeleka wapi?"

"Duka langu la dawa. Nataka kuweka orodha ya bei pale juu, iwake kutwa."

"Picha hiyohiyo moja, kila siku?"

"Moja hiyohiyo."

"Basi usiichukue hii. Picha ikisimama siku nyingi inaacha alama, haitoki. Baada ya miezi utabadilisha bei na zile za zamani zitabaki zinasomeka chini yake. Chukua ya kwanza ile, rangi nzuri, na hata mteja akisimama pembeni anasoma."

Fundi akatokea na waya. Bwana akamwuliza ni kweli?

Fundi akashusha miwani kutoka kichwani mpaka machoni, akanitazama vizuri. "Ni kweli," akasema. "Huyu mzee leo anasema kweli tupu."

Tukaibeba. Kurudi pia hatukuzungumza.

Jumanne, 26 Machi

Salamu tu. "Shikamoo." "Marahaba." Kama mpangaji.

Jumatano, 27 Machi

Salamu tu. Mvua imepungua, nyumba imezidi kuwa baridi. Mke wangu amesema, "Mwache. Koti hilo ulilivaa miaka ishirini, hulivui siku mbili."

Jumamosi, 30 Machi

Sikujua kama naruhusiwa kuketi kwenye kochi. Nikasimama mlangoni na kiatu cha mteja mkononi, najifanya nashona.

Ghala. Sasa hata mimi, kwa macho yangu haya, naona: huku ni makreti, huku ni ngazi, pale kwenye kona kuna bega. Bega la mtu, jeusi ndani ya weusi. Kidole alikuwa ameshaliona kabla sijavuta pumzi.

Kutoka wanne wamebaki wawili. Yeye ni wa kwanza.

Aligeuka, akaona nimejichoma sindano kidoleni, damu inatoka. "Keti basi, Mjomba," akasema. "Utamaliza vidole." Sentensi mbili. Nimezihesabu.

Jumatatu, 1 Aprili

Mteja amesema leo ni siku ya wajinga duniani, nimdanganye kidogo. Nimemwambia soli yake imekwisha. Ilikuwa imekwisha.

Jumamosi, 6 Aprili

Mwisho. Mpinzani ni mtu asiyekosea. Mechi ya kwanza akachukua yeye. Ya pili Kidole. Mvua ikarudi kwa hasira, taa zikapepesa mara moja, sote watatu tukashika pumzi, zikakaa. Mechi ya tatu, ghala. Dakika nne hakuna aliyefyatua. Nyumba nzima kimya, hata ndoo zilikuwa zinadondokewa kwa adabu. Kidole hakusogeza uso kwenye kioo. Alikaa wima, mabega yameshuka, anatazama weusi kama mtu anayesoma barua. Kisha kidole kimoja kikashuka mara moja.

Imekwisha. Wamemchukua.

Mke wangu alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni harusi ya nani. Nikamwambia jirani kwamba mpwa wangu ameshinda kwa macho yake na vidole vyake. Jirani akasubiri niendelee. Sikuendelea. Akaondoka na wasiwasi.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua imekatika. Leo Kidole, kwa hiari yake, aliifungua picha ya mama yake kwenye skrini mpya. Mara ya kwanza. Nikainuka nitoke.

"Keti, Mjomba."

Nikaketi. Lilikuwapo pale, wazi kama mchana: koti, msumari, mikono inaning'inia. Aliikuza picha. Akaikuza tena. Kola. Mfuko. Kifungo cha pili.

"Huu uzi wa kifungo ni mnene. Mweupe. Umepigwa msalaba mara mbili." Akanigeukia. "Huu si uzi wa viatu?"

Nikasogeza uso. Ni mshono wangu. Ningeujua hata kaburini. Nilikuwa kijana, sina uzi mwingine, kifungo kilikatika nikakishona kwa uzi wa soli. Lile koti ni langu. Dukani nililitazama kwa woga, sikulitambua. Asubuhi ile kulikuwa na mvua na dada alikuwa na gauni la kuazima. Nilimvika langoni, akatangulia nalo, nami nikabaki kidogo nyuma.

"Kwa hiyo ulikuwapo," Kidole akasema.

"Koti lilikuwapo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

Hapo, Mungu anisamehe, ulimi ulirudi kwao. Nikasema maji ya mvua yalibomoa daraja, nikaokoa watu sita. Alinitazama, akacheka, kicheko kile cha ukutani. "Sawa, Mjomba." Akasema Jumanne anakwenda kutia saini kwenye jengo la ile timu, anaruhusiwa kuja na ndugu, kuna kumbi nyingi, wao wako ghorofa ya pili. "Utakuja?"

Nikamwambia nitakuja, ila tuingie pamoja, asiniache nyuma hata hatua moja.

"Kwa nini?"

Nikasema ni ulinzi.

Hapa naandika ukweli. Siku ile nilibaki langoni kufuta viatu vyangu tope, nilitaka ving'ae kuliko vya wote. Kisha nikaingia kwa kishindo, nikapita hadi safu ya mbele, nikakaa. Jina la kwanza lilipoitwa nikajua nimeingia ukumbi usio wake. Walikuwa wahitimu wa kilimo. Lakini nilikuwa nimeshakaa mbele, watu wote wananiona, nikaona aibu kuinuka. Nikapiga makofi saa mbili kwa watu nisiowajua, na dada yangu yuko ukumbi wa pili, koti langu limetundikwa mlangoni.